Wameondoa Ramu Kwenye Keki kwa Ajili Yangu, Sasa Nataka Kuhama Kanisa

Bi. Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na nakuomba usinicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu shida yangu ni keki, na najua watu wanakuandikia mambo mazito kama ndoa na mashamba, lakini keki hii imeninyima raha wiki mbili sasa na sina wa kumwambia, maana wote ninaowapenda wamo humo humo ndani ya habari yenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, nitajiita Verna, na majina ya wengine nimeyabadilisha pia. Nachambua kungumanga, ile kokwa ya kiungo, kwenye kituo kimoja cha kununulia mazao huku upande wa magharibi wa Grenada. Kwa miaka ishirini na moja nilikuwa mlevi, na sisemi mlevi wa kuimba barabarani, hapana, mimi nilikuwa mlevi msafi, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa, ramu nimeitia kwenye chupa ya soda na kuiweka chini ya meza ya kuchambulia, na kina mama wenzangu walijua, wakawa wananitania, "Verna, soda yako leo inanukia Krismasi," tunacheka wote, na mimi nacheka kuwashinda. Mwaka jana wakati wa Pasaka niliokoka. Kanisa letu ni dogo, liko mlimani, tuko watu thelathini hivi na Mchungaji Hollis, na hatugusi pombe, hata kwenye meza ya Bwana tunatumia juisi ya zabibu.

Lakini Krismasi, Bi. Mshauri, unajua mwenyewe habari ya keki nyeusi. Ya kanisa letu anaoka Tanti Eutrice, shangazi wa kijiji kizima, mama wa miaka sabini na minane, ameioka miaka thelathini na moja. Januari analoweka zabibu kavu, plamu kavu na cheri kwenye mtungi mkubwa wa kioo, anamimina ramu kali mpaka shingoni, mtungi unakaa chini ya kitanda chake hadi Desemba, na keki ikitoka kwenye oveni inanyweshwa ramu nyingine ikiwa bado ya moto, na watu ambao wangemtoa mtu kwenye kwaya kwa sababu ya kunusa bia wanakula vipande vitatu vitatu huku wakimsifu Mungu, kwa sababu kwetu hiyo haihesabiwi kuwa pombe, hiyo ni keki.

Krismasi iliyopita nilikuwa na miezi minane sijaonja kitu. Sahani ilipofika kwangu nikamwambia Dada Ignatia aliyekaa pembeni yangu, "Mimi labda nisile." Akanijia juu, "Ushindwe! Keki ya Tanti unaikataa? Kula, mtoto wa Mungu, ramu yote imeungulia kwenye oveni."

Nikala. Kipande cha kwanza nilipewa, cha pili niliomba, cha tatu nilichukua bila kuomba, na watu walipoanza kuimba mimi nilikuwa jikoni nyuma ya kanisa, nimekaa sakafuni na gauni langu jeupe, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya ule mtungi ambao Tanti aliuleta ili awagawie kina mama matunda yaliyobaki, na nilikuwa nakomba matunda yale na kunywa maji yake ya chini. Tanti Eutrice akaingia kuchukua visu.

Nilingoja anipigie makelele awaite watu. Hakupiga. Yule mama mwenye magoti mabovu akashika ukingo wa meza, akashuka polepole mpaka akakaa sakafuni kando yangu, akasema, "Verna mwanangu, toa mkono, kioo kitakukata." Nikautoa. Akaufuta kwa aproni yake kidole kimoja kimoja. Akasema, "Kosa hili ni langu. Nilikuona unasita pale mezani, nikadhani unaringa." Halafu akasema, "Haya, sasa nani atatuinua sisi wawili?" na hapo tukaanza kucheka na kulia kwa pamoja, ikabidi waitwe Mchungaji Hollis na mpiga ngoma.

Baada ya hapo nilikunywa siku tano mfululizo, sikufichi. Siku zote tano watu wa kanisani walikuja nyumbani kwangu na supu, wakafua shuka zangu, na hakuna aliyenihubiria. Januari ilipofika Tanti akasimama kanisani wakati wa matangazo, akasema, "Mwaka huu matunda yanalowa kwenye chai ya rangi, juisi ya choya, yale maua mekundu, na maganda ya chungwa. Asiyetaka akaoke kwake." Hakutaja jina langu, hakuna aliyelitaja, na mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Na kila Ijumaa tukitoka kazini Dada Ignatia, yule yule wa "kula, mtoto wa Mungu," ananisindikiza mpaka tupite duka la ramu la pale njia panda, ananishika mkono na kunisimulia habari za kuku wake hadi kelele za duka zisikike kwa mbali. Sijaonja tone tangu siku zile tano. Namshukuru Mungu kwa watu hawa kila ninapoamka, na ninapowashukuru natokwa na machozi kweli kweli.

Sasa shida. Jumapili mbili zilizopita Tanti alileta keki ndogo ya kuonjesha, apate kujua kama chai imekubali. Mimi nilikuwa nje naosha vikombe chini ya dirisha, nikamsikia Ndugu Cosmus, mwimba besi wetu, anasema, "Tanti, tusidanganyane, huu ni mkate. Miaka thelathini na moja nakusifia, leo natafuna sifongo. Mimi sina shida na ramu, wewe huna, Mchungaji hana. Mtu mmoja tu, ndiyo kanisa zima tunyimwe Krismasi?" Sikungoja kusikia zaidi, niliviacha vikombe ndani ya maji nikaondoka zangu.

Ijumaa iliyofuata Dada Ignatia alikuwa na mafua, nikapita njia panda peke yangu, maneno ya Cosmus yananizunguka kichwani, na miguu yangu ikaingia dukani. Nasema miguu, lakini ni mimi. Lennard mwenye duka akasema, "Verna! Umeadimika!" Nikamwambia, "Nipe kidogo tu, ya kutoa baridi." Baridi, Bi. Mshauri, hapa Grenada! Akanitazama, akafuta kaunta ambayo ilikuwa safi, akasema, "Kwangu huuziwi. Tanti Eutrice alipita Januari."

"Tanti gani?"

"Yule yule. Alisimama hapo ulipo na kofia yake ya kanisani, walevi wote wakanyamaza kama wamemwagiwa maji. Akaniambia, Lennard, nilikubeba ukiwa mchanga, sasa nisaidie kumbeba Verna. Nenda nyumbani, dada, usinifanye nimvunjie ahadi yule bibi."

Nikaenda. Na njiani nikakumbuka kitu, ndicho kinachoniua. Januari ile kijiji kizima kilicheka kwamba Tanti Eutrice ameanza ulevi uzeeni, ameonekana akitoka duka la ramu mchana kweupe, walitunga hadi wimbo pale kituoni, na mimi, Bi. Mshauri, mimi niliimba nao. Nilisema, "Labda alifuata ya keki." Mama ambaye hakuwa amewahi kukanyaga kizingiti kile maishani mwake, na hakumweleza mtu hata mmoja alifuata nini, aliacha wamcheke.

Kwa hiyo nimeamua, ila mkono unasita. Ataoka Jumamosi ya wiki ijayo. Nataka nimwendee kabla ya hapo nimwambie nimepona kabisa, nina nguvu sasa, anyweshe keki yake ramu kama zamani, na siku yenyewe nitasema naumwa nibaki nyumbani. Au nihamie kanisa moja la mjini ambako hakuna anayenijua, ili wabaki na Krismasi yao. Mikono ya Tanti imeanza kukakamaa, watoto wake walioko Brooklyn, Marekani, wanangojea kipande chao kwa posta kila mwaka, na sijui amebakiwa na keki ngapi. Sitaki ya mwisho aioke kwa chai kwa sababu ya mtu kama mimi. Je, ni dhambi kusema uongo wa shukrani?

Ni mimi ninayewachosha watu wema,
Mchambua Kungumanga

*

Verna, kama ndivyo tunavyokuita,

Majina umebadilisha, lakini kisiwa hiki ni kidogo, na habari ya mama mwenye kofia ya kanisani aliyeingia duka la ramu nilikwishaletewa Januari na watu watatu, kila mmoja ameongeza chumvi yake. Asante kwa kunipa iliyo ya kweli. Nimeisoma barua yako mara mbili na nimefurahi kwamba watu kama hao tunao. Sasa kaa vizuri, nikugombeze.

Uongo wa shukrani haupo. Ungemwambia umepona, angekuamini, kwa sababu anakupenda, angeimimina ile ramu kwa furaha, na wewe ungerudi jikoni kwa mtungi, kama si Krismasi hii basi ijayo. Halafu yule mama ajue kwamba amekuangusha mara mbili, na safari hii kwa sababu ulimdanganya. Hiyo ndiyo zawadi unayotaka kumpelekea? Wiki iliyopita tu ulikuwa umesimama mbele ya kaunta ukiomba ya kutoa baridi, leo unataka kujiita mwenye nguvu. Acha mchezo.

Pili, ulisikia swali ukakimbia kabla ya jibu. Ndugu Cosmus alimuuliza Tanti kwa nini kanisa zima linyimwe kwa sababu ya mtu mmoja. Tanti alijibu nini? Hujui. Umejihukumu, umejihamisha kanisa, umejiaga mwenyewe, yote kwa maneno ya mwimba besi mwenye hamu ya keki, na mtu ambaye neno lake ndilo lenye uzito hapo hukumsikiliza hata kidogo.

Na tatu, hili la kusema unawachosha. Nani kakuambia amechoka? Dada Ignatia anakushika mkono na kukusimulia kuku. Hujafikiri kwamba naye alihitaji kupata nafasi ya kurekebisha alichokifanya siku ile? Mtume Paulo hakuwaambia wenye nguvu kwamba wakipata wasaa, wakijisikia, wawachukulie wanyonge. Alisema wanapaswa, na akawakumbusha kwamba Kristo mwenyewe hakuishi kwa kujifurahisha na matusi yaliyokuwa ya wengine yalimpata yeye. Tanti Eutrice ameshika hilo. Alijua watamcheka. Alivaa kofia yake nzuri akaenda kuchekwa, na wewe ukaimba. Hapo unayo haki ya kuona aibu, na nitakuambia uifanyie nini.

Lakini kwanza nikwambie langu, maana barua yako imenipata pabaya. Mimi nami naoka keki nyeusi, mwaka wa arobaini huu, na sifa nimezipata nyingi. Nilikuwa na mdogo wangu, Rawle. Alikunywa, akaacha, akanywa, akaacha. Mwaka mmoja ameacha tangu Agosti, akaja jikoni kwangu wiki moja kabla ya Krismasi, akasimama mlangoni akizungusha kofia mikononi, akasema, "Dada, huwezi kunifanyia kadogo tu, kasikokuwa na ile kitu?" Nikamjibu bila hata kugeuka, "Rawle, acha utoto. Ramu yote inaungulia kwenye oveni. Mtu akishamjua Mungu haogopi keki." Akacheka. Siku ya Krismasi alikula, kwa sababu hakutaka kunivunja moyo. Machi tulimzika, na watu walisema keki ya matanga ilikuwa tamu sana.

Nilikuwa na imani, Verna. Nilikuwa najua kabisa kwamba chakula hakimpeleki mtu motoni, na nilikuwa sahihi, na usahihi wangu haukumsaidia mdogo wangu kitu chochote. Mama asiye wa damu yako amekufanyia kile ambacho mimi nilishindwa kumfanyia mtoto wa mama yangu. Na wewe unataka umrudishie.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Usingoje Jumamosi ya kuoka, nenda kesho ukitoka kazini, na Ignatia akusindikize. Mwambie Tanti habari ya kaunta ya Lennard, yote, mpaka baridi. Mwambie pia kwamba uliimba ule wimbo. Atakupiga kofi dogo la bega, au atacheka, simjui, ila hatakufukuza. Kisha muulize alimjibu nini Cosmus, ukae usikie mpaka mwisho. Jumamosi funga aproni uoke naye, maana mikono yake imekakamaa na yako ni ya mchambua kungumanga. Vidole vyako vinavyojua kutenganisha nzima na mbovu vitaweza kutoa kokwa kwenye plamu. Jifunze kipimo cha chai na choya. Keki zake zilizobaki, kama ulivyosema, huzijui idadi, kwa hiyo tumia hizi. Za Brooklyn aoke anavyotaka, nyumbani kwake, siku ambayo wewe haupo, na hilo mlizungumze waziwazi bila kuonewa huruma.

Kituoni, siku watakapouanza tena ule wimbo, simama uwaambie bibi alikwenda kufanya nini. Utaona haya. Ona haya, lakini sema. Aliubeba mzaha wa watu kwa ajili yako mwaka mzima, sasa ni zamu yako kumtua.

Lennard mpitie ukiwa na Ignatia, msimame nje, umwambie asante kutoka barabarani. Mtu anayekataa kuuza alichonacho ili wewe upone, hata kama haingii kanisani, anastahili kupungiwa mkono.

Na Ndugu Cosmus usimchukie. Yeye naye ni dhaifu, udhaifu wake ni tumbo, na amenyimwa kitu anachokipenda bila mtu kukaa naye akamweleza vizuri. Unaona? Kumbe yupo mtu ambaye wewe ndiye mwenye nguvu kwake. Basi mchukulie. Kata kipande cha kwanza, kikubwa, mpelekee wewe mwenyewe kwa mikono yako, umwambie, "Ndugu Cosmus, najua si ile uliyoizoea. Nashukuru unakula hii na mimi." Akinuna, mwongeze cha pili.

Habari ya kanisa la mjini nisiisikie tena. Huko hakuna anayejua usimame mbali na nini, na sahani itakapofika kwako utakula, kwa sababu utaogopa kuwavunja moyo. Mimi nawajua watu wanaokula kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo Krismasi hii usiwaombe msamaha, wamekwisha kukusamehe wakasahau. Waambie asante, kisha vuta kiti ukae katikati yao, ule.